Kigoda cha Pikipiki

Kuna mtu mtaa wa chini kauawa na pikipiki iliyozimwa. Ndivyo habari ilivyomfikia mama siku ya Ijumaa asubuhi, akiwa anaanika nguo, na aliyeileta alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Iliyozimwa kabisa?" mama akauliza, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

"Kabisa. Ufunguo uko ndani, juu ya kabati. Alikuwa anaitengeneza nyumbani kwake. Kaiinua, ikamlalia. Kwisha habari yake."

"Nani kakwambia?"

"Mimi siambiwi, shoga. Habari zinanijia zenyewe."

Siku nyingine mama angecheka. Lakini siku hiyo, hatua tatu kutoka kwenye kamba ya nguo, pikipiki ilikuwa imesimama uani kwake mwenyewe, imeegemea stendi yake ya pembeni kama mgeni aliyechoka kusubiri kukaribishwa. Ilikuwa na siku nne tu pale nyumbani, na katika siku hizo nne hakuna aliyepita karibu nayo bila kuigusa.

Ilikuwa ya binti yake. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa amepata kazi. Nasema tena, amepata kazi! Zahanati ilitaka mhudumu wa kuzunguka majumbani, awapime wajawazito wanaokaa mbali na awapelekee wagonjwa dawa zao, na sharti lilikuwa moja: awe na pikipiki, tena nzima. Mjomba wake, kaka yake mama, alikuwa amepewa gari kazini kwake, akamwachia mpwa wake pikipiki yake kuukuu. Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi wa zahanati angeitazama. Akiikataa, kazi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na kwenye orodha walikuwa wanamfuata sita.

Tairi la nyuma lilikuwa kipara kitupu. Cheni ilikuwa imelegea mpaka inapiga makofi. Tairi jipya na cheni mpya vilikuwa vimeshanunuliwa, vimelazwa kwenye kochi sebuleni kama mtoto mchanga, na wageni waliambiwa wakae kwingine. Kilichobaki ni kuvifunga tu. Fundi pikipiki wa njiapanda alikuwa amesema foleni yake inafika Jumatano.

"Jumatano ya nini?" baba akasema. "Kwani hapa nyumbani hakuna fundi?"

Baba alikuwa seremala.

*

Pikipiki ile haikuwa na stendi ya kati. Mjomba aliikata zamani kwa sababu ilikuwa inakwaruza barabara kwenye matuta. Sasa ili gurudumu la nyuma litoke ni lazima lipae, na pikipiki ikae juu ya kitu. Kitu hicho ndicho kilichomwamsha baba Ijumaa hiyo kabla ya jogoo, akaingia karakanani, kile kibanda chake cha mabati pale pale uani, na kuanza kukata mbao.

Alitengeneza kigoda. Msidhani ni kigoda cha kufulia. Kilikuwa cha mbao ngumu, miguu minne iliyotanuka, kimefungwa kwa ndimi na matundu bila msumari hata mmoja. Alipomaliza kukikaza alikipanda kwa miguu miwili akarukaruka. Halafu akamwita binti, naye akapanda. Wakacheza wote wawili juu ya kigoda, mtu na baba yake, vumbi la mbao likiwajaa nywele.

"Mama! Njoo uone!" binti akaita. "Njoo na wewe upande!"

"Mimi nina nguo za kuanika," mama akajibu. Kisha akashindwa kujizuia. "Mnajua kuna mtu amekufa mtaa wa chini kwa mchezo huo huo?"

"Haya, kimya jamani," baba akasema, akasimama kama askari. "Waziri wa Wasiwasi anatoa tamko."

Binti akacheka mpaka akajishika mbavu. Redio, aliyekuwa amepachika kidevu chake juu ya ukuta, akacheka pia, wakati habari ilikuwa yake. Mama akanyanyua beseni lake akaingia ndani. Hakukasirika, ila alisikia uso unamwaka moto. Jina la Waziri lilikuwa lake tangu binti akiwa anatambaa, kwa sababu ya sufuria alizozisogeza, visu alivyovificha na ndoo za maji alizozifunika. Hakuna aliyewahi kuhesabu mangapi hayakutokea.

Jioni, baba akakipiga kigoda msasa, kisha vanishi. Mkono wa kwanza, wa pili, na kesho yake wa tatu.

"Baba, kitu cha kuwekea injini unakipaka vanishi?" binti akamwuliza.

"Mwanangu, kitu hakitoki karakana hii uchi."

Kufikia Jumamosi alasiri kigoda kiling'aa hata ukijitazama unaona meno yako. Watu watatu walikuja kukitazama, na mmoja akauliza kama anaweza kuagiza cha kuwekea televisheni. Baba alitembea uani siku nzima mikono nyuma, akipiga mluzi.

*

Jumapili mama aliamka na ile habari bado imemkaa kifuani. Alikuwa ameigeuza huku na huku. Mtu huyo aliiinuaje? Juu ya nini? Alikuwa peke yake? Redio hakujua. Redio habari zake huwa na kichwa na mkia, katikati hamna kitu.

Mtaa wa chini, karibu na stendi ya mabasi, kulikuwa na kibanda cha fundi saa. Mtu anayekaa kibandani kutwa anatazama njia hakosi kujua aliyekufa. Lakini utamwendeaje mtu usiyemjua asubuhi ya Jumapili kumwuliza habari za msiba usiokuhusu? Mama akaitazama saa ya ukutani. Akaishusha, akaitoa betri, akaitia betri mfukoni na saa kwapani.

"Unaipeleka wapi saa?" baba akamwuliza. Alikuwa ametandika gunia chini na kupanga spana zake kwa ukubwa, kama daktari wa upasuaji.

"Kwa fundi. Imesimama."

"Jana ilikuwa inakwenda."

"Na leo imesimama. Nisikilizeni. Msianze mpaka nirudi."

"Tunapanga vifaa tu, mke wangu."

"Niahidi."

"Vifaa tu."

Binti alikuwa tayari ameshika tairi jipya, amelikumbatia na kulinusa. "Nenda mama, rudi mbio," akasema, miguu yake ikichezacheza. Mama alimtazama akajua kabisa kuwa huyu hawezi kusubiri hata maji yachemke. Hata hivyo akaenda.

*

Fundi saa alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Akaipokea saa, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma.

"Mama, saa hii haina ugonjwa. Haina betri."

"Ah! Kumbe!"

"Na betri iko mfukoni mwako. Naiona imechora gauni."

Mama akatamani ardhi impokee. Watu wawili waliokuwa wanasubiri basi wakageuka. Akaitoa betri, akaiweka juu ya meza, na kwa kuwa aibu ilikuwa imeshamfika, akaona aimalize yote kwa mpigo mmoja.

"Fundi, samahani. Nilitaka kuuliza habari za marehemu. Yule aliyeuawa na pikipiki mtaa huu. Nyumbani kwangu wanataka kuinua yao leo, na mimi... nataka kujua ilikuwaje."

Fundi saa akatoa kioo jichoni. Akamtazama kitambo.

"Marehemu ni mimi," akasema.

Akaweka mkono wa kulia mezani. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimeishia kwenye kifundo cha kwanza, ngozi mpya bado nyekundu. Hapo ndipo mama alipotambua kuwa muda wote koleo lake dogo alikuwa amelishika kwa kushoto.

"Miezi miwili sasa. Kila wiki nakufa upya, naambiwa. Kuna mtu alikuja na rambirambi, nikampa kiti." Akacheka kidogo. "Kaa mama, nikueleze kilichoniua."

Mama hakukaa.

"Niliiinua peke yangu. Hilo la kwanza. Niliiweka juu ya matofali mawili yaliyopandana, kwenye udongo. Udongo unabonyea, tofali moja likalala upande. Gurudumu la mbele sikulizuia kwa kitu. Halafu nati ya ekseli ilikuwa ngumu. Nati ile hulegezwa pikipiki ikiwa bado chini, magurudumu yote mawili yamekanyaga. Mimi nikaisahau mpaka pikipiki iko juu, nikaanza kuivuta kwa nguvu. Ikayumba."

"Ikakuangukia."

"Hapana! Sikiliza hapa, mama, ndipo wote walipokosea wanaosimulia. Haikuniangukia. Ilikuwa inaangukia upande, nami nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma kama kutoka hapa mpaka pale kwenye ndoo. Lakini ni pikipiki yangu. Nimeihangaikia. Nikaona taa itavunjika. Nikaidaka." Akafumba mkono wake wa kulia, kwa vidole vilivyobaki. "Kilo mia na kitu, mama. Huwezi kuidaka. Chuma cha kukanyagia kikashuka juu ya tofali, na vidole vyangu vikiwa katikati. Taa ilipona. Iko nzima mpaka leo."

"Nyumbani wamewekea kigoda," mama akasema haraka haraka. "Mume wangu ni seremala, kigoda ni imara, wamekichezea juu..."

"Imara ni vizuri. Juu yake kuna nini? Mpira? Gunia?"

"Vanishi."

Fundi saa aliinua tu nyusi zake, na mama hakungoja zishuke. Alilipandisha gauni lake, akalikunja mkononi, akakimbia.

*

Nyumbani, vifaa vilikuwa vimepangwa kwa muda wa dakika kumi. Kisha binti akasema, "Baba, tuipandishe tu, tusifungue kitu." Baba akasema, "Kupandisha tu." Baba akaiinamisha, binti akakisukuma kigoda chini ya injini, wakahesabu moja, mbili, tatu, na gurudumu la nyuma likapaa. Likazunguka hewani, taratibu, likitoa mlio mwembamba wa tik-tik-tik. Wakapiga makofi. Redio akapiga makofi kutoka ukutani.

Ikiwa imeshapanda, nani wa kungoja tena? Binti akachuchumaa upande wa kushoto, akaanza kuifungua cheni kuukuu, na mafuta meusi yakadondoka matone mawili, matatu, juu ya ile vanishi. Baba akakaa upande wa kulia na spana ya nati ya ekseli. Nati haikutikisika. Akachukua kipande cha bomba la chuma, akakivisha mpini wa spana ili uwe mrefu.

"Inakuja?" binti akauliza.

"Itakuja. Ina kiburi tu."

Akavuta. Gurudumu la mbele, ambalo hakuna aliyelizuia kwa chochote, likasogea kidogo. Nati haikuja. Akapanga miguu, akavuta tena kwa mwili mzima, akiguna. Na pikipiki ikateleza juu ya kigoda kama sahani juu ya meza iliyomwagika maji. Ilikwenda mbele kiganja kizima, ikasita, halafu ikaanza kulala upande wa kushoto, upande wa binti.

Binti aliiona inakuja. Alikuwa na nafasi. Nyuma yake ua mzima ulikuwa mtupu. Lakini aliona kioo, aliona tangi, aliona Jumatatu saa mbili, na mikono yake miwili ikanyanyuka yenyewe kwenda kuidaka.

"IACHE!"

Mama alikuwa kwenye mlango wa ua, gauni limekunjwa hadi magotini, kanga haipo. Sauti hiyo binti alikuwa ameisikia tangu hajajua kutembea, penye moto, kisimani, na kwenye waya uliochubuka. Hajawahi kuijadili. Mikono yake ikarudi kifuani kabla hajajua ni nani aliyesema, akajirusha nyuma kwa makalio.

Pikipiki ikaanguka. Ilianguka kwa kishindo mpaka bati la karakana likaitika. Kigoda kikachomoka chini yake, kikaruka na kugonga ukuta chini ya kidevu cha Redio. Kioo kikavunjika, leva ya klachi ikakatika, petroli ikaanza kutiririka taratibu kwenye sakafu ya ua. Chuma cha kukanyagia kilikuwa kimechimba sakafu, shimo la kuingia kidole gumba, pale pale palipokuwa na goti la binti.

Hata Redio akazimika.

Kisha baba akasimama na bomba lake mkononi. "Umemwambia aiachie," akasema. "Alikuwa ameshaifikia! Tungeishika! Tazama sasa! Leva hiyo, kesho saa mbili, Jumapili hii utaipata wapi? Umemwambia mtoto aiachie kazi yake ianguke!"

"Ndiyo," mama akasema. "Nimemwambia."

"Wasiwasi wako huu..."

"Baba." Binti alikuwa bado ameketi chini. Alikuwa amenyoosha mkono na kutia kidole chake kwenye lile shimo la sakafu. Kikaingia chote. Akakitoa, akakitia tena. "Baba, hebu njoo uone hapa."

Baba akaja, akaona. Akaliweka bomba chini polepole, kana kwamba nalo lingevunjika. Halafu macho yake yakaenda kwenye kigoda, ambacho kilikuwa kimelala ubavu karibu na ukuta, kizima, hakuna kiungo kilicholegea. Juu yake, katikati ya ule mng'ao, kulikuwa na mistari miwili ya mafuta meusi, mirefu, imenyooka. Baba alipitisha kidole juu ya mmoja. Kidole kikateleza mpaka ukingoni bila kukwama popote.

Akabaki ameinama hapo. Watu walikuwa wameanza kuja kwenye mlango wa ua kwa ule mshindo, na miongoni mwao yule aliyetaka kuagiza cha televisheni.

"Fungeni bomba la petroli kwanza," mama akasema. "Na huyo mwenye sigara atoke nje."

*

Wakati wanamwaga mchanga juu ya petroli, hodi ikapigwa. Alikuwa fundi saa, anahema, ameshika saa ya ukutani kwa mkono wa kushoto.

"Mama, umeiacha saa yako. Nimeuliza nyumba ya seremala mwenye pikipiki, nikaonyeshwa na watu sita."

"Shoga, marehemu wako huyo," mama akamwambia Redio. Redio akamtazama mkono, akamtazama uso, akatazama mkono tena. "Wewe si ulikufa?"

"Nilikufa, dada. Nimekuja kurudisha saa."

Ua mzima ukaangua kicheko, na kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Hata baba akacheka, kisha akaufunika uso wake na viganja vyake vyenye mafuta, na alipoviondoa alikuwa na masharubu meusi, na watu wakacheka zaidi.

Fundi saa akaizunguka pikipiki iliyolala. Akaigusa leva iliyokatika. "Hii ni ndugu na yangu," akasema. "Leva ni ile ile, na kioo kile kile. Yangu imesimama bandani miezi miwili, siiwezi tena. Naleta vyote. Lakini kwa sharti moja, seremala."

"Sema."

"Hiyo vanishi."

Baba alikwenda karakanani, akarudi na randa, akakibana kigoda kwenye meza yake mbele ya watu wote, na akaanza kukipiga randa. Mkono wa tatu ukaondoka, wa pili, wa kwanza. Maganda membamba yanayong'aa yakawa yanajikunja na kuanguka miguuni pake. Yule wa televisheni alisema, "Aa, fundi, dhambi hiyo," lakini baba hakuinua kichwa mpaka mbao ilipobaki kavu na nyeupe. Kisha akachukua kipande cha tairi kuukuu, akakigongomea juu kwa misumari yenye vichwa bapa iliyozama ndani ya mpira. Msumari! Yeye ambaye hakutaka hata mmoja.

Fundi saa aliporudi na leva na kioo, walivifunga kwanza. Halafu kazi ikaanza upya, yeye akiwa kwenye kiti akisema na wao wakitenda. Walitazama injini kama imepoa. Pikipiki ikiwa bado chini, imekanyaga kwa magurudumu yote mawili, binti akaikanyaga breki ya nyuma, baba akavuta nati kwa bomba lake, na nati ikalia *kwaa!* ikalegea.

"Kumbe ndiyo hivyo tu!" baba akapiga kelele. "Kumbe ndiyo hivyo tu!"

Baba akakata kabari mbili, moja mbele ya gurudumu la mbele, moja nyuma yake. Binti akaifunga leva ya breki ya mbele kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili breki ikae imeshikwa. Wakapitisha mikanda ya kufungia mizigo kutoka usukani kwenda kwenye nguzo mbili za baraza, huku na huku, ikakazwa sawasawa. Kigoda kikaingia chini ya fremu, palipo na chuma kizito, si chini ya ekzosi.

"Sasa tunahitaji mtu wa tatu," fundi saa akasema. "Wa kushika keria, kile chuma cha mizigo cha nyuma, na kutazama tu. Asifungue kitu, asichukue spana, asiseme na simu. Kazi yake ni kuona ikitikisika kabla ninyi hamjaona. Mnaye mtu wa namna hiyo hapa?"

Baba na binti wakatazamana. Kisha wote wawili wakamtazama mama.

"Tunaye," baba akasema. "Tunaye waziri kabisa."

Hakusema kwa mzaha. Mama akafuta mikono yake kwenye gauni, akasimama nyuma ya pikipiki, akaishika kwa mikono yote miwili. Moja, mbili, tatu, ikapaa. Baba akaitikisa kidogo kabla hajaruhusu mtu atie mkono. Haikusogea hata unene wa ukucha. Ilikaa kama nyumba.

Kwa saa nzima na robo mama hakupepesa. Kuna mara moja alisema "Simama," na wote wakasimama, wakakuta mkanda wa kulia umelegea upana wa vidole viwili. Ukakazwa. Gurudumu likatoka, tairi kipara likavuliwa, jipya likavishwa, cheni ikakaa mahali pake. Pikipiki iliposhushwa na tairi jipya likakanyaga chini, binti alipiga vigelegele peke yake, kisha Redio, kisha ua mzima. Mama aliendelea kuishika. Ilibidi baba amfungue vidole kimoja kimoja.

"Imekwisha, mke wangu. Unaweza kuiachia."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

*

Jumatatu mkaguzi aliizunguka mara mbili. Alibonyeza cheni, akavuta breki, akalipiga tairi teke, akaandika. Aliuliza nani ameifunga. Binti akasema, "Baba na mama." Akaambiwa aende stoo akachukue begi la dawa na kofia ngumu, aanze leo leo.

Honi waliisikia kutoka njiapanda. Aliipiga njia nzima, akaipiga mbele ya karakana, akaipiga uani, na mama akatoka na kijiko mkononi akaanza kuruka pale pale aliposimama, juu ya lile shimo la sakafu, mwanamke mzima, anaruka.

Tangu hapo watu huja kuazima kigoda. Baba huwapa bure. Lakini kabla hakijatoka mlangoni mama hukishika mguu mmoja na kumwambia mwazimaji asome kwa sauti. Maana ameandika ubavuni mwake kwa penseli ya seremala, herufi kubwa, kwa mwandiko wa darasa la saba. Asiyejua kusoma husomewa. Imeandikwa hivi:

USIINUE PEKE YAKO.

USIINUE INJINI IKIWA YA MOTO, WALA BOMBA LA PETROLI LIKIWA WAZI.

USIWEKE JUU YA MATOFALI YALIYOPANDANA. USIWEKE JUU YA UDONGO WALA KWENYE MTEREMKO.

USIWEKE KITU KINACHOTELEZA CHINI YA PIKIPIKI. KIKING'AA, HAKIFAI.

USIIWEKE IKALIE EKZOSI.

USISAHAU KABARI MBELE NA NYUMA, NA BREKI KUFUNGWA. MIKANDA IVUTE PANDE ZOTE MBILI.

USINGOJE IWE JUU NDIYO ULEGEZE NATI NGUMU.

USITIE MKONO KABLA HUJAITIKISA.

IKIANZA KUANGUKA USIIDAKE. HATA IKIWA MPYA. HATA IKIWA YA MTU. IACHE.

USIMCHEKE MWENYE WASIWASI NYUMBANI KWAKO. MPE PA KUSHIKA.